UZI: Kupokea wageni wa harusi Kigoma mjini, kutoka stesheni mpaka mezani

Mwenyeji_wa_Gungu

Wakuu, salaam.

Kamati zimeanza kuundwa, na mengi yanayoandikwa kuhusu mapokezi ya wageni ni ya Dar. Hayana ziwa, hayana treni, hayana mpaka. Tuweke hapa ya kwetu. Mfano wa kupigia hesabu uwe huu: harusi Kigoma mjini, wageni 300, kati yao 80 wanatoka nje ya Manispaa. Wengine wanatoka Dar na Tabora, wengine Kasulu na Kibondo, wachache Bujumbura na Kalemie.

Mapokezi hayaanzii mlangoni mwa ukumbi. Yanaanza mgeni anaposhusha begi, na kila mgeni wa mbali lazima awe na mtu mmoja anayemhusu, anayejulikana kwa jina na namba ya simu. Kamati ikisema "vijana watawapokea", ujue hakuna atakayempokea mtu. Kijana mmoja anamudu wageni wanane hadi kumi, akizidi hapo anaanza kusahau. Kwa wageni 80 tafuteni wapokezi wanane mpaka kumi, nusu upande wa bwana, nusu upande wa bibi.

Fungueni daftari la mapokezi wiki nne kabla. Lisiwe kwenye simu ya mtu mmoja. Kila mstari uwe na jina la mgeni, namba yake, anakotoka, chombo anachosafiria, siku na saa ya kufika, atakapolala, mpokezi wake, chakula asichokula, na siku ya kuondoka. Hiyo ya mwisho husahaulika kila mara. Mgeni aliyepokelewa kwa matarumbeta anaishia kusimama peke yake barabarani alfajiri akitafuta bajaji ya kwenda stendi. Kumsindikiza nako ni mapokezi.

Kwa wanaokuja na treni ya reli ya kati, ile ya zamani yenye reli ya upana wa mita moja: kutoka Dar ni takribani kilomita 1,250, safari ya karibu siku mbili, na kuchelewa ni jambo la kawaida. Harusi ikiwa Jumamosi, mwambieni mgeni achague treni inayotakiwa kufika Alhamisi. Anayepanga kufika Jumamosi asubuhi atalisikia "ndiyo" la bibi harusi kwenye simu akiwa Uvinza. Mpokezi asiende stesheni kwa kufuata ratiba. Awasiliane na mgeni akiwa Tabora, kisha Kaliua, kisha Uvinza, ndipo atoke nyumbani.

Mabasi yanashushia stendi ya Masanga, na mengi huingia usiku. Mgeni apewe maelekezo haya kabla hajaondoka kwao: asishuke njiani kwa kuambiwa "hapa ndipo Mwanga", ashuke stendi, abaki penye taa, mpokezi amfuate. Ndege ya Dar wakati mwingine hupitia Tabora, kwa hiyo mgeni asishtuke ikitua mapema akadhani amefika. Uwanja hauko mbali na mji, gari moja dogo linatosha. Tatizo lipo kwa mwenye gauni la sendofu, keki na mabegi matatu. Huyo mtumieni gari aina ya Noah.

Na kila mgeni akumbushwe kubeba kitambulisho. Mkoa huu uko mpakani, maafisa wa Uhamiaji hukagua mabasi barabarani, na asiye na chochote anapoteza muda wake na wa abiria wenzake.

Nyongeza zenu, tafadhali.

---

Mhazini_wa_Kamati

Uzi mzuri. Naongeza la kulala, maana hapo ndipo pesa na heshima hukutana.

Wagawe wageni 80 mafungu matatu. Fungu la kwanza ni watakaojilipia nyumba ya wageni: kazi yenu ni kuwashikia vyumba na kuwatumia bei kamili, siyo "kuna lodji nyingi". La pili ni ambao familia inawalipia, yaani wasimamizi wa ndoa wanaotoka mbali, mjomba na shangazi wakubwa, na wazee. La tatu watalala majumbani kwa ndugu.

Vyumba vishikwe kwa malipo ya awali na risiti yenye tarehe na idadi ya vyumba. Neno la mdomo la mapokezi ya lodji halishiki chumba, kwa sababu anayepokea simu leo siye atakayekuwa zamu siku hiyo. Mwende kukagua vitu vinne kwa macho yenu: chandarua kisicho na matundu, maji bombani saa za asubuhi (fungueni, msiulize), choo kinachofungika, na umbali wa baa yenye muziki. Kigoma malaria ipo, hivyo chandarua si pambo. Kwa watakaolala majumbani, nunueni vyandarua na magodoro kwenye bajeti ya kamati, msimwachie mwenye nyumba mzigo. Mwenye nyumba anayepokea watu watano apelekewe pia kilo tano za mchele, sukari kilo mbili, mafuta lita moja, majani ya chai na mkaa. Hatadai. Ndiyo sababu inabidi mpeleke bila kuombwa.

Wazee wasipangwe vyumba vya juu wala nyumba za mlimani zenye ngazi za udongo. Mvua ikinyesha zile ngazi haziendeki.

---

Binti_Ujiji

Assalam aleikum. Kuna jambo dogo linaloharibu ratiba nyingi hapa: SAA.

Burundi na Kongo ya mashariki wako nyuma yetu kwa saa moja. Saa 12 jioni ya Kigoma ni saa 11 ya Bujumbura na Kalemie. Tena baadhi ya wageni wao wamezoea kuhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Kadi ikisema "saa 12:00 jioni" tu, wapo watakaosoma 12 wakafikiria adhuhuri, na wapo watakaofuata saa ya simu ambayo bado inashika mtandao wa upande wa pili. Kwenye kadi zao andikeni "saa 12:00 jioni, yaani 18:00, saa za Tanzania". Wakishavuka mpaka, mpokezi awaombe warekebishe simu mbele yake.

La pili ni jua. Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi, jua letu huzama takribani dakika 40 baada ya la Dar. Swala ya magharibi hapa huingia kati ya saa 1 kasoro na saa 1 na dakika 20 na kitu, kutegemea mwezi. MC na mpiga picha wa kutoka Dar huja na ratiba ya kwao: picha saa 11 na nusu "kabla giza halijaingia", wageni ukumbini saa 12, maharusi waingie saa 1. Saa 1 hapa ndipo nusu ya wageni wa Ujiji wanainuka kwenda kuswali, na maharusi wanaingia wakati viti vinatazamana na ukuta. Mfungue ukumbi saa 11 na nusu, watu wakae, wapate kinywaji na muziki wa chini. Wekeni mikeka, birika za udhu na alama ya kibla kwenye chumba cha pembeni, na maharusi waingie dakika 30 baada ya adhana. Mkifanya hivyo hamtapoteza muda wowote, maana hakuna harusi inayoanza saa 12 kamili.

Picha za ziwani zipangwe saa 12 jioni. Mwanga ni mzuri na maharusi hawachomwi na jua.

---

Dereva_wa_Mwandiga

Usafiri. Wekeni akilini kwamba Coaster ya abiria 29 ukiongeza mabegi ni ya watu 22. Wa kutoka treni moja wakiwa 40, ni Coaster mbili. Moja na "wengine watapanda bajaji" ni kugawa familia, maana mama atapanda bajaji na dawa zake zitabaki kwenye Coaster.

Siku ya harusi magari ya wageni yasiwe yaleyale ya msafara wa maharusi. Msafara ukitoka kanisani huzunguka: unapanda Barabara ya Lumumba, Mwanga, wengine wanataka kufika mpaka Ujiji na kurudi, honi na matarumbeta. Hapo ni saa nzima au zaidi. Mzee wa miaka 75 kutoka Kakonko hahitaji kuzunguka mji. Gari la wazee na wenye watoto wachanga liondoke kanisani au msikitini moja kwa moja kwenda ukumbini au mahali pa kupumzika, na dereva asiruhusiwe kuunga msafara hata akiitwa.

Mafuta yajazwe siku moja kabla. Kila dereva apewe karatasi yenye vituo, saa, namba ya mpokezi na namba ya kiongozi wa usafiri. Na apewe sahani ya chakula! Dereva mwenye njaa huondoka saa 4 usiku kutafuta chipsi, wageni wakatoka ukumbini gari lisiwepo.

Miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, kagueni barabara ya mwisho ya kufika ukumbini, ule mchepuko wa udongo. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza, na ukikauka unatoa vumbi linalogandia gauni jeupe. Kiangazi mwagieni maji eneo la kushukia wageni muda wa saa mbili kabla hawajafika. Masika mwageni kokoto au changarawe, tripu moja inatosha kwa eneo la kushukia.

---

Mshereheshaji_Katubuka

Mlango wa ukumbi sasa. Nawaomba mpige hesabu badala ya kubahatisha.

Kukagua kadi moja, kusalimia na kumwonyesha mgeni meza huchukua sekunde 10 mambo yakienda vizuri. Foleni moja hivyo inaingiza watu sita kwa dakika. Wageni 300 wakija sawasawa ndani ya dakika 45, ni karibu saba kwa dakika, tayari foleni moja imezidiwa. Na hawaji sawasawa. Wanakuja 30, kisha 20, kisha msafara unafika na watu 120 kwa mkupuo mmoja, wamechoka na wana kiu. Kwa hiyo: foleni mbili za kawaida, na ya tatu inayofunguliwa msafara ukifika. Mezani wakae wakaguzi wawili kwa foleni, na nyuma yao wahudumu sita hadi wanane wa kupeleka watu vitini. Mkaguzi asiondoke kumsindikiza mgeni, hata akiwa mama yake mdogo.

Kadi za kidijitali zenye msimbo wa QR ni nzuri, lakini chapisheni orodha ya majina kwa alfabeti, nakala mbili. Mtandao ukisumbua au simu ikizima chaji, karatasi inaendelea kufanya kazi. Kadi ya mtu mmoja na ya watu wawili zitofautiane kwa rangi inayoonekana usiku. Krimu na dhahabu chini ya taa ni kitu kimoja.

Mwenye kadi ya wawili atakuja na wanne. Hilo mlitegemee. Mkaguzi asibishane mlangoni. Pawe na mtu mmoja wa uamuzi, mtu mzima, mpole, anayezijua familia zote mbili, amesimama hatua tano ndani. Mkaguzi anasema tu "karibuni, pitieni kwa mzee pale". Huyo mzee ana viti 15 vya akiba na ndiye anayeamua. Foleni haisimami na hakuna anayeaibishwa mbele za watu.

Viti: kwa meza za watu kumi mnahitaji 30, ongezeni mbili zisizo na majina. Wazee karibu na mlango na choo, mbali na spika. Wenye watoto pembeni, siyo katikati. Anayetumia kiti cha magurudumu apimiwe njia mapema. Nafasi kati ya meza na meza isipungue mita moja. Meza kuu iwe na njia ya kufikiwa bila kupita kwenye nyaya za DJ.

---

Mkwe_wa_Kasulu

Naheshimu hesabu za kaka Mshereheshaji, lakini kadi zina mpaka wake hapa kwetu.

Wazee watakaotoka Kasulu, Buhigwe au vijiji vya ziwani hawakualikwa kwa kadi. Waliendewa nyumbani, wakaambiwa kwa mdomo, na kwao huo ndio mwaliko wenye uzito. Mzee mmoja aliyeambiwa "uje na wazee wenzako" atakuja na saba. Ukimwomba kadi mlangoni umemtukana, na habari itafika kijijini kabla yake.

Kila ukoo utoe mtu anayewajua wazee wake kwa sura. Akae mlangoni kuanzia ukumbi unapofunguliwa mpaka chakula kinapotoka. Wazee wasipitie foleni kabisa: wanapokelewa garini, wanasalimiwa kwa utulivu, bila haraka, na wanapelekwa vitini wakiwa pamoja. Msiwatenganishe kwa sababu meza ina viti kumi na wao ni kumi na mmoja. Ongezeni kiti.

---

Mshereheshaji_Katubuka

Mkwe, nakubaliana nawe. Kwa hiyo idadi ya wazee itolewe na mwakilishi wa ukoo wiki moja kabla, hata kwa kukadiria, iingizwe kwenye hesabu ya sahani. Kwa wageni 300 pikeni sahani 330 za wageni, kisha nyingine 25 za madereva, wapiga matarumbeta, DJ, wapiga picha, walinzi na wapambaji. Hawa 25 husahaulika, halafu wanakula sehemu ya wageni.

---

Mpishi_wa_Masufuria

Nimeona sahani 355. Nitoe vipimo.

Pilau: gramu 120 hadi 125 za mchele mkavu kwa mtu, hapo kuna vyakula vingine pembeni. Kwa 355 chukueni kilo 45. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa kiasi, gramu 170 kwa mtu, karibu kilo 60. Vitunguu kilo 9, mafuta lita 7, kitunguu saumu kilo moja. Msipike sufuria moja kubwa. Zaidi ya kilo 15 kwa sufuria, mchele wa chini unakuwa uji na wa juu unabaki na kiini. Sufuria tatu za kilo 15. Ulizeni muuzaji kama mchele ni mpya: mchele wa mavuno mapya hunywa maji kidogo, ukiupimia maji ya mchele wa zamani unapata bokoboko. Pikeni kilo moja ya majaribio siku moja kabla.

Pilau iive nusu saa tu kabla ya kula. Tatizo la harusi zetu ni wapishi kumaliza saa 11 na wageni kula saa 3 na nusu usiku. Chakula cha nyama kilichokaa vuguvugu zaidi ya saa mbili kinaweza kuwaumiza watu. Ama kiwe cha moto kweli, mkaa juu ya mfuniko na chini, ama kicheleweshwe kupikwa. MC awe na namba ya mpishi mkuu na ampigie maharusi wakiingia. Kachumbari ikatwe dakika 20 kabla, isikae.

Samaki. Wageni wa mbali wanakuja Kigoma wakitaka mgebuka na dagaa wa ziwani, na mkiwapa kuku wa kisasa tu mmewanyima. Lakini tazameni mwezi kabla ya kuahidi. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, mavuno yanashuka na bei inapanda. Tena kuna kipindi cha kupumzisha ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Harusi ikiangukia huko ulizeni Idara ya Uvuvi mapema, mnunue kabla na kugandisha, au mfanye dagaa wakavu wa kukaanga. Mgebuka mbichi usikae nje ya barafu zaidi ya muda wa kutoka mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, hadi jikoni.

Mawese ni chakula chetu cha kila siku, ila kwa mgeni asiyezoea tumbo hugoma. Samaki wa mawese wawekwe kwenye chombo chao na alama, kando ya waliokaangwa kwa mafuta ya kawaida. Ugali wa muhogo uwepo, hata kidogo. Wazee wengi pilau wataionja, ugali wataula.

Na la kuchinja: harusi nyingi hapa zina Waislamu na Wakristo pamoja, hata iwe ya kanisani. Ng'ombe, mbuzi na kuku wote wachinjwe na Mwislamu, na MC atangaze hivyo mara moja tu, mapema, ili watu wale bila wasiwasi. Anayetaka kitimoto (nyama ya nguruwe) akipike kwake siku nyingine, siyo jiko hili. Vijiko vya kupakulia vikichanganyika umeharibu chakula cha watu mia.

---

Mhazini_wa_Kamati

Vinywaji: soda kreti ni chupa 24. Watu 355 mara mbili ni chupa 710, kreti 30. Maji ya nusu lita, mawili kwa mtu, karibu katoni 60 za chupa 12. Kama kuna bia, ulizeni kwanza kreti ina chupa ngapi. Wanywaji wahesabiwe kwa kadi zao, msigawanye kwa wote. Bia iwe na kaunta yake, isipite mikononi mwa wahudumu katikati ya meza za masheikh. Kupoza kuanze muda wa saa sita kabla ya sherehe. Friza la ukumbi halipozi kreti 30, agizeni barafu za mabonge mweke kwenye mapipa.

Sanduku la bahasha: funguo kwa familia moja, sanduku kwa familia nyingine. Lifunguliwe na watu wanne, wawili kila upande, na kila bahasha iandikwe jina na kiasi palepale. Wekeni kalamu tatu mezani na bahasha tupu 50, maana wengi huja na pesa mkononi.

---

Mgeni_Mtarajiwa

Shukrani wakuu. Maswali mawili. Kwanza, sisi ndoa yetu ni ya bomani, wageni wote tuwaalike pale? Pili, kuna ndugu 12 wanaotoka Burundi kupitia Manyovu, waandaliwe nini?

---

Mwenyeji_wa_Gungu

La kwanza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka notisi ya siku 21 kabla, na siku yenyewe mashahidi wasiopungua wawili. Ofisi si ukumbi. Waende mashahidi, wazazi na watu wachache wa karibu, kama kumi. Wengine kadi yao iandike sherehe tu, na saa ya sherehe iwe na nafasi ya kutosha, kwa sababu ofisini mnaweza kusubiri zamu. Kadi isiandike "kuanzia bomani" halafu watu 60 wakasimama juani.

La pili amjibu aliye karibu na mpaka.

---

Dereva_wa_Mwandiga

Manyovu mpaka Kigoma mjini ni takribani kilomita 60, njia ina vilima na kona. Watu 12 na mabegi: Noah mbili au Coaster moja. Gari liwafuate Manyovu upande wetu, dereva asivuke.

Kila mmoja awe na pasipoti au hati ya kusafiria inayotambulika, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hicho cheti ndicho kinachokwamisha watu. Chanjo hutambulika kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayechanja wiki ya harusi amechelewa. Wajulisheni mwezi mmoja kabla. Watoto wasafiri na hati zao, na kama mzazi mmoja hayupo, barua ya ridhaa.

Wabadilishe faranga kwa shilingi sehemu halali, siyo kwa vijana wa barabarani. Mpokezi awape laini ya simu ya Tanzania iliyosajiliwa, hata moja kwa kundi zima, ili wapatikane. Na msiwavushe jioni. Wavuke asubuhi, wafike mchana, walale.

---

Binti_Ujiji

Kwa nikahi za Ujiji, wageni wasiozijua taratibu waambiwe kabla. Ndoa yenyewe hufungwa mbele ya wanaume, mara nyingi baada ya swala, na wanawake wako upande wa bibi harusi. Mgeni wa kike kutoka Dar asiyejua ataifuata gari ya bwana harusi, abaki nje ya msikiti hajui aende wapi. Mpokezi wa kike amchukue tangu nyumbani. Nguo: mtandio uwepo, na mpokezi awe na mitandio mitano ya ziada kwenye mkoba wake.

Kwenye nyumba ya bibi, anayepokea mlangoni awe na mrashi wa marashi, na mwingine chetezo cha udi. Udi usifukizwe ndani ya chumba kidogo chenye watoto na wenye pumu, wekeni barazani. Halua, tende na kahawa vitoke mara mgeni anapokaa, kabla hajaulizwa habari za safari. Halua kilo moja inatosha watu 15 hadi 20 kwa vipande vidogo.

Maji ya kunawa yaende kwa wazee kwanza, birika na beseni, anayemimina awe kijana wa nyumba hiyo. Bomba la pamoja nje ni la vijana.

---

Fundi_Taa_na_Muziki

Fupi tu. Jenereta iwepo hata kama umeme haujakatika mwezi mzima, iwashwe na kujaribiwa kwa mzigo wote saa nane mchana, siyo taa mbili. Mtu wa kuiwasha awe na tochi na asiwe DJ. Weka taa mbili zenye betri mlangoni na mbili chooni, maana umeme ukikatika hapo ndipo watu huanguka. Kiangazi upepo wa ziwani huweza kuwa mkali, Mei mpaka Agosti hasa. Sherehe ya ufukweni ifunge turubai kwa kamba na vigingi kila nguzo, mapambo ya vitambaa virefu yafungwe chini pia, na spika zisisimame kwenye mchanga mtupu bila mbao.

Kibali cha sherehe na muziki wa usiku kiulizwe ofisi ya mtaa na Manispaa wiki mbili kabla. Nakala ikae na mtu wa uamuzi aliyetajwa hapo juu.

---

Mkwe_wa_Kasulu

Kesho yake. Wageni wa mbali hawaondoki usiku uleule, na familia imechoka, kwa hiyo wapokezi wawili watoke kwenye zamu ya usiku wa harusi, walale, wawe wazima asubuhi. Supu saa 3 asubuhi nyumbani kwa wazazi, mabaki ya pilau yasirudishwe mezani kama hayakuwekwa kwenye baridi usiku. Anayetaka kutembea apelekwe Makumbusho ya Livingstone pale Ujiji, nusu siku inatosha. Hifadhi ya Gombe inataka boti na siku yake nzima, isipangwe kwa mtu mwenye tiketi ya jioni.

Zawadi ya kuondokea kwa wengi ni dagaa. Wanunuliwe wakavu kabisa, bila mchanga, wafungwe mifuko miwili na kuwekwa kwenye boksi lenye gundi. Kwa wa ndege wapimwe pamoja na begi nyumbani, kuliko kufungua boksi la dagaa mbele ya kaunta.

---

Mgeni_Mtarajiwa

Nimechapisha uzi wote kwa ajili ya kikao. Daftari linafunguliwa Jumapili hii, na wa Manyovu tumeshawapigia kuhusu chanjo.

---

Mhazini_wa_Kamati

Vizuri. Katika daftari ongezeni safu moja: dawa anazotumia mgeni na kama zinahitaji friji. Wenye kisukari wanaotumia insulini wapangiwe nyumba yenye friji inayofanya kazi, na chakula chao kisisubiri keki ikatwe.